Tumbo Limefunga: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Saratani Inayoziba Utumbo Mpana

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: saratani ya utumbo mpana au ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya haja) ambayo haikusubiri kugunduliwa taratibu, ikajitangaza kwa kuziba njia ya haja kubwa. Zilizofanana tumeziunganisha.

Baba yangu ana miaka 63. Siku ya nne sasa hapati choo wala hatoi hewa, na tumbo limejaa kama ngoma. Ndugu wanashauri tumpe dawa ya kuendesha, wengine wanasema enema. Tufanye lipi?

Hakuna hata moja. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya upasuaji leo hii. Mtu aliyefika hapo hasubiri jibu la jarida. Tunalichapa swali hili kwa ajili ya wengine, kwa sababu kosa hili ndilo tunaloliona likileta madhara makubwa kuliko yote.

Kukosa choo peke yake kunaweza kuwa kufunga choo kwa kawaida. Kukosa choo na hewa pamoja, tumbo likazidi kupanda na maumivu yakija kwa mikupuo, maana yake ni kwamba njia imefungwa. Dawa ya kuendesha huvuta maji ndani ya utumbo na kuulazimisha usukume. Ukisukuma dhidi ya ukuta, presha hupanda nyuma ya uvimbe, na utumbo unaweza kupasuka. Enema nayo huingiza maji chini ya uvimbe na haiondoi kilichokwama juu yake, isitoshe inaweza kutoboa ukuta ambao saratani imeshaudhoofisha.

Msidanganyike kwa sababu hatapiki. Utumbo mwembamba ukiziba, mgonjwa hutapika mapema. Ukiziba utumbo mpana, hasa upande wa kushoto, kutapika huja kwa kuchelewa, na matapishi yakianza kunuka kama kinyesi ujue hali imekwenda mbali. Dalili za hatari zaidi ni maumivu yaliyoacha kuja na kuondoka yakawa ya moja kwa moja, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, na tumbo gumu lisilotaka kuguswa. Njiani msimpe chakula wala kinywaji, na mwandikeni kwenye karatasi dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za kisukari.

Mume wangu amelazwa tangu jana. Wamemwekea dripu, mpira wa puani na mpira wa mkojo, lakini hawajampasua. Je, hawamcheleweshi?

Mara nyingi hapana, mama. Saa hizo za mwanzo ni matibabu kamili. Utumbo uliojaa hufyonza maji kidogo mno na kuyamwaga mengi ndani yake, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa amepoteza lita kadhaa bila kuharisha hata mara moja. Ukimtia nusukaputi akiwa mkavu, presha huporomoka mezani.

Dripu, mara nyingi ile ya Ringer au ya chumvi, hurudisha maji, na potasiamu hupimwa na kurekebishwa, kwa kuwa ikiwa chini moyo hupiga ovyo na utumbo nao hulegea. Mpira wa mkojo upo ili wahesabu: kwa mtu mzima lengo ni angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mwenye kilo 60 anatakiwa atoe mililita 30 au zaidi kila saa. Ukiona mfuko wa mkojo haujai kabisa, mwambie muuguzi. Mpira wa puani huteremka hadi tumboni kunyonya kilichorudi juu, ili asitapike na kuvuta matapishi mapafuni. Wengi pia hupewa antibayotiki kabla ya upasuaji, pamoja na sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni, kwani saratani na kulala kitandani vyote viwili huigandisha.

Kisha kuna skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Hiyo huonyesha uvimbe uko wapi, kama utumbo umetoboka, kama ini na mapafu yameguswa, na upana wa kila sehemu. Kipimo kinachoangaliwa kwa jicho kali ni sekamu, yaani ule mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia chini. Kwa kawaida hauzidi sentimita 9. Ukifika 12 hatari ya kupasuka ni kubwa. Na ajabu ni kwamba unaweza kupasuka hapo kulia ilhali saratani iko kushoto kabisa: ukuta wa sehemu pana huvutwa zaidi kuliko wa sehemu nyembamba kwa presha ileile, na sekamu ndiyo pana kuliko zote. Hali huwa mbaya zaidi pale kizibo cha asili kati ya utumbo mwembamba na mpana kinapofanya kazi vizuri mno na kuzuia hewa isirudi nyuma. Hapo utumbo umefungwa ncha zote mbili.

Kuchelewa kwenye madhara ni kule kwa kuendelea kungoja wakati dalili za kutoboka au za utumbo kukosa damu zimeshaonekana. Zikiwepo, mgonjwa huenda chumba cha upasuaji huku dripu ikiendelea kumiminika.

Wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, hospitali moja. Shangazi alikatwa na kuungwa siku hiyohiyo. Jirani yake wa kitanda akaamka na mfuko wa choo tumboni. Kwa nini?

Kwa sababu ugonjwa ni mmoja ila mahali ulipo si pamoja, na hali za watu hao huenda hazikulingana.

Uvimbe ukiwa kulia, daktari hukata nusu ya kulia ya utumbo mpana pamoja na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, kisha huunga utumbo mwembamba na mpana. Utumbo mwembamba una damu nyingi na mshono wake hupona vizuri, ndiyo maana wengi wa upande huu hutoka bila mfuko. Mgonjwa akiwa mahututi, au tumbo likiwa limechafuka kwa usaha na kinyesi, hata upande wa kulia busara ni kutounga: mwisho wa utumbo mwembamba hutolewa nje, yaani ileostomi, na kuunga kukasubiri.

Upande wa kushoto ndipo penye mjadala. Hapo utumbo wa juu ya uvimbe umetanuka, umejaa kinyesi na kuta zake zimevimba maji, ilhali wa chini yake ni mwembamba na mtupu. Kuunga ncha mbili zisizolingana namna hiyo kuna hatari ya mshono kuvuja. Njia zilizopo ni hizi.

Upasuaji wa Hartmann, uliopewa jina la daktari Mfaransa Henri Hartmann aliyeueleza mwaka 1921: sehemu yenye saratani hukatwa, kisiki cha puru hufungwa na kuachwa ndani, na ncha ya juu hutolewa nje upande wa kushoto kama kolostomi. Hakuna mshono wa utumbo kwa utumbo, hivyo hakuna cha kuvuja kati ya ncha mbili. Ni chaguo la mgonjwa dhaifu, aliyetoboka utumbo, au mwenye presha ya damu inayoyumba. Gharama yake huja baadaye: kurudisha utumbo ndani ni upasuaji mkubwa wa pili, na sehemu kubwa ya wagonjwa hawaufikii kamwe, ama kwa umri, ama kwa saratani kurudi, ama kwa kuuogopa. Mkiambiwa mfuko huo ni wa muda, ulizeni: kwa mgonjwa huyu, uwezekano wa kuurudisha ni upi kweli?

Kukata na kuunga palepale hufaa mgonjwa mwenye hali tulivu, mikononi mwa daktari aliyezoea upasuaji wa utumbo. Wakati mwingine huongezwa ileostomi ya muda ili kinyesi kisipite kwenye mshono unaopona. Zamani utumbo ulioshwa kwa maji mengi mezani kabla ya kuunga. Leo wengi hukamua kinyesi kwa mkono kuelekea mahali pa kukatia, na hiyo hufupisha muda wa nusukaputi.

Kuondoa karibu utumbo mpana wote huingia pale sekamu ilipoharibika au kunapokuwa na uvimbe wa pili. Humaliza tatizo kwa mara moja, ila mgonjwa ataenda haja mara nyingi kwa siku, na choo kitakuwa laini.

Mwisho ni kolostomi ya kitanzi: kuvuta kitanzi cha utumbo juu ya uvimbe, kukitoa nje na kukifungua, uvimbe ukaachwa kwa sasa. Ni upasuaji mfupi, presha ndani ya utumbo inashuka, mgonjwa anakula, anapimwa kikamilifu, kisha wiki chache baadaye anakatwa uvimbe kwa utulivu. Kwa mtu dhaifu tunaiona kuwa inadharauliwa bila sababu.

Katika yoyote kati ya hizi zinazokata uvimbe kwa nia ya kuponya, haitoshi kuondoa kizuizi tu. Kipande hutolewa pamoja na tezi za limfu zinazokihudumia, na maabara inatakiwa ichunguze angalau tezi 12. Ripoti ikisema wamechunguza 5 au 6, ulizeni.

Tumeambiwa kuna waya wa kupanua utumbo bila kupasua. Ni kweli? Unaponya?

Ni kweli, na hauponyi saratani. Unaoulizia ni stenti: bomba la wavu wa chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa nikeli na titani, linaloingia likiwa limekunjwa na kujifungua lenyewe ndani.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi. Kamera ya kolonoskopi hupelekwa kupitia njia ya haja hadi chini ya uvimbe. Waya mwembamba hupenyezwa katika tundu lililobaki, huku eksirei ya moja kwa moja ikionyesha ulikopita. Stenti hufuata juu ya waya huo na kuachiwa ikiwa imevuka uvimbe kwa angalau sentimita 2 kila upande. Upana unaopendekezwa ni milimita 24 au zaidi. Nyembamba kuliko hapo huteleza au kuziba upesi. Mara nyingi hewa na kinyesi laini huanza kutoka siku hiyohiyo, lakini stenti yenyewe huendelea kutanuka kwa siku moja hadi tatu. Kupanua uvimbe kwa puto kabla au baada ya kuweka stenti ni jambo la kuepukwa, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoboa.

Hutumika kwa malengo mawili tofauti, na familia nyingi huyachanganya. La kwanza ni nafuu kwa mtu ambaye saratani yake imesambaa na haitaponywa kwa kisu. Hapa stenti hupendelewa, maana humwepusha na upasuaji wa dharura, mara nyingi humwepusha na mfuko, na humruhusu kuanza kemotherapi mapema. La pili ni daraja: kufungua njia sasa, kisha kupasua kwa mpango baada ya takriban wiki 2, mgonjwa akiwa ameshiba maji na utumbo umesinyaa.

Daraja hilo limebishaniwa kwa miaka mingi. Hofu ni kwamba stenti ikitoboa utumbo, hata tundu dogo lisiloonekana, chembe za saratani humwagika tumboni na mtu aliyekuwa wa kupona akageuka kuwa wa kurudiwa. Mwaka 2014 mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa endoskopi haukuipendekeza kama tiba ya kawaida kwa wanaoweza kupona. Mwaka 2020 ulilegezwa, ukaitaja kama njia ya kujadiliwa na mgonjwa kwa uvimbe wa kushoto. Utafiti wa CReST wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa walioishia na mfuko walikuwa takriban 46 kati ya 100 kwa waliotanguliziwa stenti, dhidi ya 69 kati ya 100 kwa waliopasuliwa kwa dharura, na kurudi kwa saratani ndani ya miaka 3 hakukuzidi. Msimamo wetu: ni njia nzuri mahali penye mtu anayeweka stenti hizi mara kwa mara. Pasipokuwa na mtu huyo, kolostomi ya kitanzi ni salama zaidi kuliko stenti ya kujaribia.

Isiwekwe kabisa kama kuna dalili ya utumbo kutoboka. Kwa uvimbe wa puru ulio chini karibu na mkundu, huleta maumivu, hisia isiyokoma ya kutaka haja na kushindwa kujizuia. Na anayetarajiwa kupewa bevasizumabu, dawa inayokata mishipa mipya ya damu ya saratani, asiwekewe stenti kwa wepesi: vitu hivyo viwili vikikutana, hatari ya kutoboka hupanda. Mkumbusheni daktari wa saratani kwamba stenti ipo, kwa sababu si mara zote aliyeiweka na anayeandika dawa ni mtu mmoja.

Baada ya kuwekewa, choo kiwe laini siku zote. Maji ya kutosha, dawa ya kulainisha choo kama alivyoandikiwa, chakula kisicho na nyuzi ngumu, maganda wala mbegu, na kutafuna hadi kisagike. Maumivu makali ya ghafla ni kutoboka hadi ithibitishwe vinginevyo. Tumbo likianza kujaa tena polepole baada ya wiki au miezi, saratani imeota kupitia matundu ya wavu au stenti imeteleza. Mara nyingi huwezekana kuweka nyingine ndani ya ile ya kwanza.

Uvimbe wa mama uko kwenye puru, sentimita 6 kutoka njia ya haja. Wamemtengenezea kolostomi na kumrudisha nyumbani na uvimbe wake. Wamesahau kuutoa?

Hawakusahau. Saratani kubwa ya puru mara nyingi hutangulizwa mionzi pamoja na kemotherapi ili isinyae, ndipo ikatwe. Kuikata kwa dharura, fupanyonga likiwa finyu na tishu zimevimba, huacha mabaki. Kolostomi imeondoa dharura, na sasa mpango wa kweli unaanza. Kamasi ikimtoka kwa njia ya kawaida asishtuke, utumbo wa chini unaendelea kuitengeneza. Kitu cha kufuatilia ni tarehe ya kuanza mionzi.

Nimetoka hospitali na mfuko. Ngozi inaniwaka, na mfuko unavuja usiku. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa liko kwenye tundu la bamba, yaani kile kibandiko kinachoshikiza mfuko kwenye ngozi. Likiwa kubwa mno, kinyesi hulala juu ya ngozi. Likiwa dogo mno, huubana utumbo. Liwe pana kuliko stoma, yaani ncha ya utumbo iliyotolewa nje, kwa milimita 2 hadi 3 tu. Na stoma husinyaa kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo tundu ulilokatiwa hospitalini wiki ya kwanza limeshakuwa kubwa. Pima upya kila wiki.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni yenye mafuta wala manukato, kausha kabisa kwa kugusagusa, kisha bandika na ushikilie kwa kiganja dakika moja au mbili. Joto la mkono ndilo linaloshikisha gundi. Mwaga mfuko ukijaa theluthi moja, maana ukingoja ujae uzito wake huvuta bamba. Badilisha bamba kila siku 3 au 4, na mapema zaidi likianza kuwasha, kwani kuwasha ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kimepenya chini yake.

Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, na haiumi ukiigusa. Ikigeuka zambarau au nyeusi, damu haifiki: rudi hospitali siku hiyohiyo.

Kama yako ni ileostomi, shughulika na maji kuliko ngozi. Ikitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, mwili unakauka na figo zinaumia. Na kunywa maji matupu kwa wingi hapo huzidisha tatizo, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huvuta chumvi ya mwili ndani ya utumbo na kutoka nayo. Tumia maji ya chumvichumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini (ORS), au mchanganyiko huu unaotumika sana kwa wenye ileostomi: lita 1 ya maji, gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea, unywe kidogokidogo mchana kutwa. Upime kwa mizani, kijiko hudanganya. Na umjulishe daktari siku hiyohiyo, kwani huenda ukahitaji dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo au dripu.

Upasuaji umekwisha, majibu yanasema hatua ya pili. Bado nahitaji kemotherapi?

Inawezekana. Hatua ya pili, yaani saratani haijafika kwenye tezi, kwa kawaida haina kemotherapi ya lazima, lakini saratani iliyoziba utumbo huhesabiwa kuwa ya hatari zaidi, kama ilivyo iliyotoboka au ambayo tezi zake zilizochunguzwa hazikufika 12. Uliza kama sampuli imepimwa kasoro ya protini za kurekebisha jeni: yenye kasoro hiyo katika hatua ya pili hainufaiki na fluorourasili, dawa ya kemotherapi, peke yake. Ikiamuliwa kuanza, ianze ndani ya wiki 8.

Jambo moja husahaulika. Utumbo ulioziba hauwezi kupitishwa kamera hadi mwisho, kwa hiyo sehemu ya juu ya uvimbe haijawahi kuonwa kwa ndani. Kolonoskopi kamili ifanywe ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji, kwa kuwa wachache huwa na uvimbe wa pili.

Saratani ya dada yangu imetapakaa kwenye utando wa tumbo. Utumbo umezibwa mahali pengi na wamesema hawatapasua. Anatapika mchana na usiku. Basi ndiyo tumwache?

Hapana. Kutopasua hapa ni uamuzi wa busara: kufungua mahali pamoja huacha pengine pamefungwa, na kidonda huweza kutopona. Lakini kutapika mchana na usiku kunatibika, na hamna sababu ya kukubali kuambiwa vumilieni.

Dawa hutolewa kwa sindano chini ya ngozi au kwa pampu ndogo inayosukuma polepole saa 24, kwa kuwa vidonge havifyonzwi. Oktreotaidi hupunguza maji yanayomwagika ndani ya utumbo. Huanzia mikrogramu 300 hadi 600 kwa siku. Hayosini butilbromaidi, miligramu 60 hadi 120 kwa siku, hulegeza misokoto na kupunguza majimaji. Ni rahisi kupatikana kuliko oktreotaidi. Deksamethasoni hujaribiwa kwa siku chache ili uvimbe wa maji kwenye ukuta upungue, na wakati mwingine njia hufunguka kiasi. Haloperidoli kwa dozi ndogo hutuliza kichefuchefu, mofini hutuliza maumivu. Viwango hivi tumevitaja ili mjue mnachozungumza na daktari, si mpime wenyewe.

Tahadhari ni moja: metoklopramidi, dawa ya kutapika inayoandikwa kwa mazoea, husukuma utumbo. Njia ikiwa imefungwa kabisa au kukiwa na misokoto, humwongezea maumivu. Mkiiona kwenye chati, ulizeni kwa adabu kama kuziba ni nusu au kamili.

Dawa zisipotosha, mpira wa puani husaidia kwa siku chache, ila hukwaruza koo na pua na haufai kuwa wa kudumu. Badala yake huwekwa mpira unaopita kwenye ukuta wa tumbo moja kwa moja hadi ndani ya tumbo la chakula, ukaunganishwa na mfuko. Kazi yake ni kutoa, si kulisha. Kilichomo hutoka chenyewe, kutapika hupungua sana, na mgonjwa anaweza tena kunywa chai, supu iliyochujwa au kunyonya barafu kwa ajili ya ladha, kisha kikatoka kwenye mfuko. Mpira wa unene wa kutosha hauzibi ovyo. Usafishwe kwa mililita 30 hivi za maji kila siku kama muuguzi alivyoelekeza. Tumbo likiwa limejaa maji ya saratani, hayo hutolewa kwanza ili yasivuje pembeni mwa mpira.

Ombeni kuonana na timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, sasa, akiwa bado ana nguvu za kusema anachotaka. Na kabla ya kufunga mlango wa matibabu ya saratani yenyewe, ulizeni kuhusu ile kasoro ya protini za kurekebisha jeni tuliyoitaja juu: wachache wenye nayo hujibu vizuri kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili kama pembrolizumabu hata ugonjwa ukiwa umesambaa.